Mngurumo Usiotoka kwenye Cheni: Uchambuzi wa Kisa cha Honda CG125 ya Zamani

Kisa hiki kinahusu Honda CG125 ya miaka ya 1990, mali ya bwana shamba mstaafu anayeishi upande wa Mlali, mkoani Morogoro. Kwa muda mrefu pikipiki hiyo ilikuwa ikitoa mngurumo mzito upande wa kushoto kila ilipofikia mwendo wa kilomita 35 hivi kwa saa. Kabla ya kuletwa kwangu ilikuwa imeshabadilishiwa cheni na sproketi zote mbili (yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, mbele na nyuma), imeshawekewa beringi mpya za gurudumu la nyuma, na sili ya mafuta, yaani pete ya raba inayozuia mafuta yasivuje, iliyo nyuma ya sproketi ya mbele ilikuwa imebadilishwa zaidi ya mara moja. Baada ya kila matengenezo mlio ulipungua kidogo, kisha ukarudi, hadi mwenyewe akaambiwa kwamba injini imechoka na hakuna namna ila kutafuta nyingine. Ninakieleza kwa kirefu kwa sababu hakuna fundi kati ya waliotangulia aliyefanya kazi ya ovyo: vipuri walivyovitoa vilikuwa vimechakaa kweli, na kipimo walichokitumia kukaza cheni ni kile kile kinachofundishwa. Pamoja na hayo chanzo kilibaki mahali pake na kiliendelea kula vipuri vipya.

Honda ilianza kuitoa CG125 mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa nchi ambazo pikipiki hufanya kazi ngumu na hupata huduma kwa nadra. Ndiyo maana vali za injini yake ya sentimita za ujazo 124 husukumwa kwa fimbo ndefu badala ya kuendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua vali) iliyowekwa juu ya silinda, na ndiyo maana cheni yake ya nyuma ilifungiwa ndani ya kasha la bati lililoizuia isipate vumbi. Muundo wa injini hiyo ulinakiliwa na viwanda vingi vya China, kwa hiyo mengi ya haya yanahusu pia pikipiki nyingi za mizigo na abiria tunazoziona barabarani kila siku. Katika pikipiki ya mzee huyu, kasha la cheni lilikuwa limeshaondolewa zamani, na shokapu za nyuma hazikuwa za awali. Zilikuwa ndefu zaidi, zimetoka kwenye pikipiki ya aina nyingine, na zilifungwa ili kuinua sehemu ya nyuma isigonge mawe kwenye njia za mlimani. Jambo hilo la shokapu nililiandika kwenye daftari siku ya kwanza bila kulipa uzito, kwa kuwa ni marekebisho ya kawaida sana huku kwetu.

Huwa sishiki spana kabla ya kumsikiliza mwenye chombo, kwa maana yeye ndiye aliyekaa na ule mlio muda mrefu kuliko fundi yeyote. Nilimuuliza, "Mzee, inalia zaidi wakati gani?" Akajibu, "Fundi wangu, nikiwa peke yangu naivumilia. Lakini nikimpakia mama na gunia la kabichi tukiteremka kutoka Mgeta, inanguruma mpaka watu wanageuka kutazama." Katika maneno hayo machache mlikuwa na dalili mbili zilizopingana na hukumu ya injini iliyochoka. Ya kwanza ni kwamba mlio ulizidi kwa uzito wa mzigo hata pale ambapo injini haikuwa ikivuta chochote, yaani katika mteremko. Ya pili ni kwamba ulizidi mteremkoni, mahali ambapo dereva hufunga mafuta na injini hupumzika. Injini mbovu kwa kawaida hulalamika zaidi inapopanda mlima.

Sehemu zinazosafirisha nguvu kutoka kwenye pistoni hadi barabarani hazizunguki kwa kasi moja, na huo ndio msingi wa uchunguzi wote wa milio ya aina hii. Krankishafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, pamoja na vali hufuata mwendo wa injini. Klachi na shafti ya kwanza ya giaboksi hufuata injini mradi klachi haijabinywa. Shafti ya pili ya giaboksi, ile iliyobeba sproketi ya mbele, haijali injini wala gia iliyoingizwa, kwani imeunganishwa na gurudumu kwa cheni muda wote, hivyo hufuata mwendo wa barabara. Gurudumu lenyewe, beringi zake, raba za habu (habu ni kitovu cha gurudumu) na tairi hufuata mwendo huo huo wa barabara, ila huzunguka polepole zaidi. Ukitambua mlio unafuata kitu gani, umeshaondoa zaidi ya nusu ya washukiwa bila kufungua bolti hata moja.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikuwa la kubadili gia huku mwendo wa barabara ukibaki ule ule. Kwenye kipande cha lami kilichonyooka niliiendesha kwa kilomita 40 kwa saa katika gia ya tatu, kisha katika gia ya nne kwa mwendo huo huo. Sauti ya injini ilishuka kama inavyotarajiwa, lakini mngurumo ulibaki na sauti ile ile. Hapo injini ilitoka kwenye orodha, na pamoja nayo meno ya gia moja moja, kwani gia yenye jino bovu hulia zaidi nguvu inapopitia kwenye gia hiyo.

Jaribio la pili lilihitaji mteremko mrefu usio na magari, breki nzima, na mtu wa pili wa kukaa nyuma ili uzito uwe ule mzee aliousimulia. Tuliteremka klachi ikiwa imebinywa kwanza, kisha gia ikiwa nyutro, na mwisho tukazima injini kabisa katika sehemu ambayo ningeweza kusimama wakati wowote. Injini ilipozimwa mngurumo ulisikika wazi kuliko wakati wowote. Ninapenda sana jaribio hili kwa sababu huondoa kelele zote zinazoficha: eksozi imenyamaza, vali zimenyamaza, klachi imetulia, na kilichobaki kikizunguka ni gurudumu, cheni, sproketi, shafti ya pili na gia chache zinazoburutwa nayo bila kazi. Ni lazima hata hivyo nitoe tahadhari, hasa kwa vijana wanaojifunza, kwamba jaribio hili si la barabara kuu wala la mteremko mkali wenye kona, na kwamba breki zikaguliwe kwanza, maana injini iliyozimwa haisaidii kupunguza mwendo.

Sasa washukiwa walibaki wanne: gurudumu, habu, cheni na shafti ya pili. Kuwatenganisha kwa sikio tu ni vigumu, lakini kuna hesabu nyepesi inayosaidia kuliko kifaa chochote ninachokijua cha bei ya karakana yetu. Nilihesabu meno ya sproketi: 14 mbele na 43 nyuma, na cheni ilikuwa na pini 118. Gurudumu likizunguka mara moja, sproketi ya mbele huzunguka mara tatu na kidogo, kwa kuwa 43 kugawanya kwa 14 ni 3.07. Kwa upande mwingine, pini ile ile ya cheni hairudi mahali pake mpaka gurudumu lizunguke mara mbili na robo tatu hivi, kwa kuwa 118 kugawanya kwa 43 ni 2.74. Hivyo kitu kinachogonga mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu kipo kwenye gurudumu, kwenye habu au kwenye sproketi ya nyuma. Kinachogonga mara tatu kwa mzunguko kipo mbele, kwenye sproketi ndogo au kwenye shafti yake. Kinachopita bila kusikika kwa mizunguko miwili kisha kikatokea ndani ya wa tatu, kipo kwenye cheni yenyewe.

Tuipeleke hesabu hiyo barabarani. Mzingo wa tairi la inchi 18 la pikipiki kama hii unakaribia mita 1.95, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa gurudumu huzunguka kama mara 5.7 kwa sekunde, sproketi ya mbele mara 17 na nusu, na cheni nzima hukamilisha mzunguko wake mara mbili tu. Pini moja iliyokaza kwenye cheni itasikika kama mapigo mawili ya taratibu kila sekunde, ambayo mtu anaweza kuyahesabu kwa kidole. Kasoro ya gurudumu itasikika kama mtetemo wa haraka ambao sikio linaufuata kwa shida. Beringi ya shafti ya pili ni jambo tofauti. Ikiwa na gololi saba au nane, kovu lililo kwenye njia ya nje ya gololi, yaani kwenye pete ya nje ambamo gololi hupita, hukanyagwa karibu mara tatu kwa kila mzunguko wa shafti, yaani mara 50 hivi kwa sekunde, na hapo sikio halihesabu tena mapigo bali husikia sauti moja nzito inayoendelea. Neno alilolitumia mzee, kunguruma, lilikuwa maelezo sahihi kabisa ya sauti ya mapigo 50 kwa sekunde.

Pamoja na mngurumo kulikuwa na mlio mdogo wa pili, tiki ya mara mbili kwa sekunde, na ninaamini huo ndio uliowavuta mafundi waliotangulia. Nilipoizungusha nyuma kwa mkono, pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati na injini imezimwa, tiki ilitokea kila baada ya mizunguko miwili na robo tatu ya gurudumu, nikaipata pini yake: ilikuwa imekaza na haikunjiki vizuri inapopanda sproketi ya mbele. Cheni haikuwa ya zamani. Hata hivyo, nilipopima pini 21, yaani nafasi 20, katika sehemu mbalimbali, sehemu moja ilitoa milimita 255 na nyingine milimita 258, wakati kipimo cha cheni mpya ya namba 428 ni milimita 254, kwa kuwa umbali kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Watengenezaji wengi huikataa cheni iliyorefuka kati ya asilimia 1 na 2, na hii ilikuwa ndani ya eneo hilo upande mmoja huku upande mwingine ikiwa karibu mpya. Kurefuka kwa namna hiyo isiyo sawa huonyesha cheni iliyovutwa kupita kiasi au iliyokosa mafuta sehemu sehemu. Waliobadilisha cheni mwanzoni waliiondoa tiki, mwenyewe akafurahi, na kila mtu akaamini kwamba tatizo limeguswa. Milio miwili kwenye chombo kimoja huwadanganya watu hivyo: ukiondoa mmoja, ule wa pili unaonekana kama mabaki ya wa kwanza.

Kabla ya kuitoa cheni nilifanya jaribio ambalo halikugharimu kitu na ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililofungua kisa. Nililegeza ekseli, yaani mhimili wa gurudumu la nyuma, nikairudisha mbele kidogo mpaka cheni ikaning'inia kwa namna ambayo fundi yeyote angeisema vibaya, nikaikaza ekseli, kisha nikarudi kwenye mteremko ule ule nikiwa na abiria yule yule, kwa mwendo wa polepole. Mngurumo haukuisha, lakini ulipungua kwa kiasi ambacho hata abiria alikitambua bila kuulizwa. Beringi za gurudumu hazibadiliki tabia kwa kiasi hicho kwa sababu ya cheni kulegea kidogo, kwani zimebeba uzito wote wa nyuma ya pikipiki na watu wake. Shafti ya pili haina uzito mwingine mkubwa wa kubeba zaidi ya mvuto wa cheni. Kwa hiyo kitu kilichonguruma kilikuwa kinavutwa na cheni, na cheni ilikuwa inavuta hata pale ambapo injini imezimwa na hakuna nguvu inayopita.

Ndipo cheni ikatolewa. Gurudumu la nyuma likiwa halina cheni lilizunguka kimya na laini, bila mchezo wa kushoto na kulia, kwa hiyo beringi zilizobadilishwa zilikuwa salama. Raba za habu zilikuwa zimebonyea na sproketi ya nyuma iliweza kusogea kidogo mbele na nyuma, jambo ambalo hutoa kishindo kimoja wakati wa kuachia na kushika mafuta, si mngurumo. Nikahamia mbele. Sproketi ya mbele ya CG125 hushikiliwa kwenye meno ya shafti kwa sahani ndogo yenye bolti mbili, na kwa asili yake husogea kidogo kuelekea ndani na nje. Nimewaona vijana wengi wa mafunzo ya vitendo wakiushika mchezo huo na kutangaza kwamba shafti imekufa. Mchezo wa kuangaliwa ni wa juu na chini. Nilishika sproketi kwa vidole viwili nikaiinua, na shafti yenyewe, si sproketi peke yake, ilipanda na kushuka kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Nilipoizungusha gia ikiwa nyutro, vidole vilihisi chembechembe, kama vile kuna mchanga ndani.

Mafuta yaliyokuwa yakitiririka nyuma ya sproketi nayo yalipata maelezo. Mdomo wa sili ya mafuta umetengenezwa kufuata shafti inayozunguka mahali pamoja. Shafti ikianza kuyumba, mdomo huo haufiki upande mmoja na hukandamizwa upande wa pili, hivyo sili mpya hukaa kavu kwa muda mfupi tu kabla ya kuanza kuvuja. Sili inayovuja tena na tena mahali pamoja isichukuliwe kuwa sili ya bei rahisi mpaka shafti yake imeinuliwa kwa vidole.

Ili nisipasue injini kwa kutegemea vidole tu, nilifanya uthibitisho wa mwisho. Cheni ikiwa imetolewa na kuwekwa mbali, pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati, niliwasha injini, nikaingiza gia ya juu, nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha la injini karibu na makazi ya beringi na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mngurumo ulisikika hapo, ukafifia nilipohamisha ncha kuelekea upande wa klachi. Bila mvuto wa cheni ulikuwa mdogo, kama nilivyotarajia. Sproketi inayozunguka kwa nguvu ya injini haiguswi kwa mkono wala kwa kitambaa, na cheni haipakwi mafuta injini ikiwa inazungusha gurudumu. Wako mafundi wazuri waliopoteza vidole kwa haraka ya namna hiyo, na hakuna mlio unaostahili kidole. Mafuta ya injini yalipomwagwa kwenye beseni safi na kuangaliwa juani yalikuwa na mng'ao wa chembe laini za chuma, bila vipande vikubwa, na hilo lilinipa matumaini kwamba meno ya gia bado ni mazima.

Kazi ya kubadili beringi hiyo si ndogo, kwa kuwa kasha la injini ya CG125 limegawanyika nusu mbili, kushoto na kulia, na beringi ya shafti ya pili imekaa ndani ya nusu ya kushoto. Lazima injini ishuke, kichwa na silinda vitolewe, klachi na sumaku zifunguliwe, ndipo nusu hizo zitenganishwe. Kwa ajili hiyo nilimweleza mzee kila jaribio na matokeo yake kabla ya kumtajia gharama. Alisikiliza, akauliza kama kuna uhakika, nami nikamshika mkono nikamwekea vidole vyake kwenye sproketi aiinue mwenyewe. Akasema, "Basi fungua, fundi."

Ndani tulikuta kile ambacho ushahidi ulikuwa umekitaja. Njia ya nje ya gololi ilikuwa na vishimo vilivyojipanga katika eneo moja tu, upande wa nyuma, yaani upande ambao shafti huvutwa na cheni, na sehemu nyingine zote za njia hiyo ziling'aa bila doa. Beringi iliyokufa kwa uchafu au kwa kukosa mafuta huchakaa kuzunguka pande zote. Hii ilikuwa imekufa kwa kuvutwa upande mmoja, muda mrefu, kwa nguvu kubwa kuliko iliyokusudiwa. Gia zote zilikuwa na meno mazima, na beringi ya upande wa pili wa shafti haikuwa na mchezo, ingawa niliibadilisha pia, kwa kuwa gharama ya kipuri hicho ni ndogo sana ukilinganisha na kazi ya kurudi tena mahali hapo.

Lilibaki swali lenye uzito kuliko yote: nani alikuwa akiivuta cheni? Mzee alikuwa na uhakika kwamba mafundi wake wote walikuwa wakiacha mchezo wa vidole viwili, yaani cheni icheze juu na chini kwa upana huo, na alama za marekebisho kwenye swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, zilimuunga mkono. Milimita 25 za mchezo, pikipiki ikiwa juu ya stendi, ni kipimo cha kawaida kabisa kwa pikipiki ndogo za barabarani.

Jibu liko kwenye umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli ya nyuma, ambao haukai sawa. Swingamu haijafungwa katikati ya sproketi ya mbele bali sentimita kadhaa nyuma yake, hivyo gurudumu linapopanda na kushuka huchora duara ambalo kitovu chake si sproketi. Umbali huo huwa mkubwa kuliko wote pale ambapo sproketi ya mbele, bolti ya swingamu na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Gurudumu likining'inia chini ya mstari huo, cheni hulegea. Mzigo ukiwekwa na shokapu zikabonyea kuelekea kwenye mstari, cheni hukaza. Kadiri gurudumu linavyoning'inia chini zaidi mwanzoni, ndivyo tofauti kati ya cheni ya stendini na cheni ya barabarani inavyokuwa kubwa.

Na tofauti inayotosha kuleta madhara ni ndogo ajabu. Kipande cha cheni chenye urefu wa milimita 500 kinachocheza milimita 25 kutoka chini kabisa hadi juu kabisa kina ziada ya urefu isiyofika hata milimita 1. Ukipiga hesabu ya pembetatu utapata kama milimita 0.6. Kwa kuwa cheni ina upande wa juu na wa chini, ekseli ikisogea mbali kwa theluthi moja tu ya milimita, mchezo wote wa vidole viwili umekwisha. Baada ya hapo uzito wa abiria na kabichi haubebwi na shokapu peke yake. Sehemu yake huning'inia kwenye cheni, na cheni huikabidhi kwa beringi ndogo ya shafti ya pili, kila pikipiki inapoingia kwenye shimo.

Shokapu ndefu ndizo zilizokuwa zimeliteremsha gurudumu chini ya mahali pake pa asili. Kipimo cha kitabu kinadhani shokapu za kitabu. Fundi aliyekaza cheni kwa kukitii aliikaza kupita kiasi bila kujua, na hilo linaeleza kila kitu kilichotangulia: cheni iliyorefuka upande mmoja ikiwa bado mpya, sili iliyovuja, mlio uliozidi kwa abiria, na mlio uliozidi mteremkoni, ambako breki na matuta huzibonyeza shokapu huku hakuna sauti ya injini ya kuuficha. Kasha la cheni lililoondolewa liliongeza vumbi na kuharakisha uchakavu wa cheni, lakini lisingeweza peke yake kuiua beringi kwa upande mmoja.

Matengenezo yalihusu beringi mbili za shafti ya pili, sili mpya, raba za habu, na cheni mpya pamoja na sproketi zake mbili, kwa sababu cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha kulika huharibika upesi. Nilipendekeza shokapu zirudishwe za urefu wa awali. Mzee alikataa, na sababu yake ilikuwa ya haki, kwani njia yake ya shambani haijabadilika na mawe bado yapo. Kwa hiyo tuliacha shokapu ndefu, tukatafuta kipimo cha pikipiki hii kama ilivyo.

Namna ya kukipata si ngumu. Pikipiki ikiwa juu ya stendi, fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, kisha inua gurudumu kwa kuliwekea gogo au jeki mpaka sproketi ya mbele, bolti ya swingamu na ekseli zikae kwenye mstari mmoja, ambao unaweza kuukagua kwa uzi ulionyooshwa. Zungusha gurudumu polepole na utafute sehemu ambayo cheni imekaza zaidi, kwa maana hakuna cheni wala sproketi iliyo sawa kabisa pande zote. Katika sehemu hiyo na katika hali hiyo, rekebisha ekseli mpaka cheni iwe na mchezo mdogo tu, kiasi cha milimita 10, hakikisha alama za pande mbili za swingamu zinalingana, kisha kaza. Rudisha shokapu, acha gurudumu lining'inie, na upime tena. Mchezo utakaoupata sasa ndio kipimo chako cha kila siku. Kwa pikipiki ya mzee ulikuwa milimita 55, zaidi ya mara mbili ya ule wa mafundi wake.

Cheni yenye mchezo huo ikiwa juu ya stendi inaonekana imelegea mno, na kwa pikipiki yenye shokapu za awali ingekuwa imelegea mno kweli. Tulipoishusha na watu wawili wakakaa, ilikuwa na mchezo wa kawaida. Niliirudisha kwenye mteremko ule ule, injini ikiwa imezimwa, abiria akiwa nyuma, na kilichosikika ni tairi na upepo. Injini ilipowashwa ulibaki mvumo mwembamba wa gia, ambao ni wa asili kwa giaboksi ya aina hii na hauhitaji dawa. Alipokuja kubadili mafuta nilipitisha kidole nyuma ya sproketi ya mbele, kikatoka na vumbi kavu.

Hatari iliyobaki ni ya fundi mwingine atakayeiona cheni ile njiani na kuikaza kwa nia njema. Kwa hiyo tumeandika kwa rangi nyeupe juu ya swingamu, upande wa cheni: milimita 55 bila mzigo, shokapu ndefu, usikaze zaidi.